Rangi Bado Mbichi

"Kwenye maombi yangu hakuna uongo. Hata nukta."

Hivyo ndivyo Rula alivyojitapa kwenye sehemu ya wiki iliyopita, mbele ya simu yake, kidevu juu, mgongo umenyooka kama jina lake la utani. Kule ng'ambo, Mama Miwani wa ile studio ya usanifu aliyoiomba nafasi akatabasamu, akavua miwani, akaifuta, akairudisha puani, halafu akatoa lile neno lililotunyima usingizi:

"Vizuri. Basi geuza kamera utuonyeshe ile mistari ya zahanati."

Msomaji, kama wiki nzima umekuwa ukijiuliza angeigeuzia wapi, jibu ni kwamba hapakuwa na pa kugeuzia. Rula alikuwa chumbani kwake. Nyuma ya simu palikuwa na kitanda, kapu la nguo chafu na paka wa jirani. Na hata angekuwa zahanati kwenyewe, angeonyesha ukuta mtupu. Mistari haikuwapo. Haijawahi kuwapo.

Iliyokuwapo ni picha. Ulikuwa mradi wake wa mwisho chuoni: mistari ya rangi kwenye korido ya zahanati, ili mgonjwa asihitaji kusoma wala kuuliza. Fuata bluu ufike maabara, kijani ufike dirisha la dawa, chungwa ufike chanjo. Rula alipiga picha korido siku ya Jumapili ikiwa haina mtu, akaichora mistari kwenye kompyuta, akaitia kivuli, akaizidishia mwanga pale dirisha linapopiga, hata akaichubua kidogo kwenye kona, kama vile imegongwa na kitanda cha magurudumu.

Ndivyo walivyofundishwa. Kadiri picha ya mfano inavyofanana na kitu cha kweli, ndivyo maksi zinavyopanda. Lakini kila mtu wa fani ile huweka chini yake neno moja dogo: pendekezo.

Na Rula aliliweka. Kisha akaurudia ule ukurasa, akaona neno limekaa vibaya. Linavunja nafasi nyeupe. Linavuta jicho kushoto. Akalifuta.

Watu wengine hudanganya ili wapate kitu. Rula alidanganya ili ukurasa upendeze.

"Kamera ina shida?" aliuliza Mama Miwani.

Rula akasema kamera ni nzima, ila sasa hivi yuko nyumbani, na zahanati haipendi watu wa simu simu kila wakati. Kesho, saa nne asubuhi, atakuwa palepale koridoni.

Mama Miwani akakubali bila kinyongo. Akaeleza kwamba studio yao humdhamini viza mwanafunzi mmoja tu wa mafunzo kazini, na kwamba ofisi ya vibali itauliza kwa nini wamlete mtu kutoka mbali kote huko. Wachoraji wazuri wamejaa mtaani kwao. Wanachotaka ni mtu ambaye kazi yake imewahi kutumiwa na watu. Mwenzake Rula aliyebaki kwenye mchujo amesanifu kituo cha basi, na watu wanakikalia. Rula akifika kesho na mistari yake, nafasi ni yake. Asipofika nayo, basi.

Kando ya uso wa Mama Miwani palikuwa na kisanduku cha pili kwenye kioo, cheusi, bila sura wala jina. Mtu wa ofisini kwao, aliyekuja kusikiliza tu. Tangu mwanzo hakukohoa. Rula alikwisha kumsahau.

Simu ikakatwa. Paka akapiga miayo.

Sasa wewe uliyeanza kusoma leo utasema, si angekiri tu. Rahisi kusema ukiwa umekaa. Rula alikuwa ameomba nafasi hizi mpaka vidole vikaota sugu. Kila ombi lina swali moja limejificha chini kabisa, kama mwiba kwenye samaki: je, utahitaji udhamini wa viza? Ukijibu ndiyo, barua ya kukutakia kila la heri inakufikia kabla chai haijapoa. Studio nyingine zilimsifu kwanza, ndipo zikamtupa.

Rafiki yake Brashi alimshauri aandike hapana, akishaingia ndani atajieleza. Rula alikataa katakata. Alisema mtu akiingia kwa mlango wa uongo ataishi humo ameinama. Akaendelea kuandika ndiyo, kwa herufi kubwa, kila mahali, kwa kiburi. Mpaka Mama Miwani akajibu.

Kwa hiyo dakika ile Rula hakulia. Alivaa viatu, akaenda kwa Brashi.

Brashi ni fundi wa vibao. Banda lake la mabati limeegemea kinyozi, na mikono yake ina rangi za miaka. Wamesoma pamoja tangu shule ya msingi. Alimsikiliza Rula mpaka mwisho, akaweka brashi chini, akamtazama kama mtu anayetazama kibao kilichokosewa herufi.

"Kwenye viza ukaandika ukweli, kwenye ukuta ukaandika uongo," alisema. "Nimeona waongo wengi, dada. Wewe ni wa kwanza anayedanganya kwa mpangilio."

"Kesho saa nne hautakuwa uongo."

"Utakuwa nini?"

"Utakuwa ukuta. Chukua futi twende."

Brashi akacheka, akauliza kama amepata ruhusa ya zahanati. Rula akasema bado. Akauliza kama ana rangi. Rula akasema rangi anayo yeye Brashi. Akauliza kama amelala vizuri jana. Rula akawa ameshatangulia njiani.

Ruhusa ilikuwa mikononi mwa shangazi yake. Shangazi huyu, dada mkubwa wa baba, ndiye muuguzi mkuu pale zahanati, na wote humwita Matroni, akiwemo baba yake Rula, tena kwa sauti ya chini. Wakati Rula yuko chuoni alimwendea na michoro hiyohiyo. Shangazi aliitazama, akamrudishia, akasema zahanati siyo kitabu cha watoto cha kupaka rangi.

Safari hii walimkuta akihesabu shuka. Rula akamweleza kila kitu, hata lile neno alilolifuta. Hakupunguza.

Shangazi aliendelea kuhesabu mpaka shuka zikaisha.

"Kwa hiyo umewaambia wageni kwamba zahanati yangu ina kitu ambacho nilikikataa kwa mdomo wangu huu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na umekuja kuomba msamaha."

"Hapana, shangazi. Nimekuja kuomba ukuta."

Brashi akarudi nyuma hatua. Shangazi akakunja shuka ya mwisho ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Midomo yake ilicheza kidogo, na mtu asiyemjua angedhani ni hasira.

Akatoa masharti. La kwanza, rangi iwe ya mafuta, maana kuta zinasuguliwa na dawa kila siku na rangi ya maji itaondoka na ndoo. La pili, mgonjwa mmoja akipotea kwa sababu ya michoro hiyo, ataifuta Rula mwenyewe kwa ulimi. La tatu alilitoa polepole. Nafasi ya mapokezi ya zahanati iko wazi, na amekuwa akimwekea Rula tangu zamani. Mambo ya kesho yakienda vibaya, Jumatatu Rula atakaa mapokezi, ataandikisha wagonjwa, na habari ya viza hataki kuisikia tena mpaka azikwe.

"Na yakienda vizuri?" aliuliza Rula.

"Hayataenda."

"Yakienda, utanisindikiza uwanja wa ndege, shangazi. Na utalia."

"Mimi silii."

"Utalia mpaka wakuulize umefiwa na nani."

Shangazi akamfukuza ofisini kwa mkono, lakini ufunguo wa stoo aliuacha mezani.

Wakaingia koridoni. Na hapo, ndugu msomaji, jahazi likapata tundu kabla halijashushwa majini.

Ukuta uliokuwa kwenye picha ya Rula, ule mzuri, mpana, wenye mwanga wa dirisha, haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa na watu. Mabenchi yote yalikuwa upande ule. Wagonjwa walikaa, wengine wakasimama nyuma yao, wameegemea, bega kwa bega kutoka mapokezi mpaka mwisho. Rula alipiga picha yake Jumapili. Jumapili hakuna foleni.

Brashi akaikunja futi yake.

"Basi mstari tutaupaka kwenye migongo yao," alisema. "Kila anayekuja apewe kipande."

Rula hakucheka. Mradi uliompa maksi za juu darasani, uliosifiwa na mwalimu mbele ya watu, usingemsaidia mgonjwa hata mmoja. Hakuna aliyeona, kwa sababu kwenye picha hapakuwa na binadamu.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akajizoeze kuandikisha wagonjwa. Rula alisimama katikati ya korido akiwatazama watu kwa ukali, kama wamemkosea. Na alipokuwa anawatazama, akaona kitu upande wa pili.

Ukuta wa pili haukuwa na mabenchi. Ndio uliokuwa njia. Na kwa urefu wa kiuno, kutoka mapokezi mpaka kwenye kona na kuendelea, ulikuwa na uchafu. Mchirizi wa kahawia, mrefu, kama umechorwa. Shangazi aliwahi kuulalamikia mara elfu: anausugua, kesho umerudi.

Palepale akapita bibi mmoja mwenye macho mazito, amevaa gauni jeupe la kwendea hospitali, anatambaza kiganja ukutani, juu ya ule mchirizi. Anatembea kwa mkono.

"Mjukuu wangu," bibi alimwuliza, "maabara ni wapi?"

"Kulia, bibi," alisema Rula bila kumtazama, akinyoosha kidole upande wowote, maana kichwani mwake mlikuwa mmewaka taa. Akamshika Brashi shati.

"Wameshauchora," alisema. "Ona. Mstari wameshauchora wenyewe, kwa mikono. Sisi tunautia rangi tu."

Brashi akatazama mchirizi. Akamtazama Rula. Akafungua futi.

Walianza kesho yake kulipopambazuka. Muda ulitosha rangi moja tu, wakachagua bluu, ya maabara, kwa kuwa maabara ndiko wanakopotea wengi. Brashi alisugua, akabandika utepe wa karatasi juu na chini, akapaka mkono haumtetemeki, huku akimwambia Rula kwamba akifika huko ng'ambo awaambie nani alikuwa fundi. Rula alipaka kwenye kona, mahali ambapo mstari unapinda, akapakosea, akafuta na kitambaa, akapaka tena. Ulipofika mlango wa maabara, mstari ukaishia kwenye duara kubwa kama sahani.

Ulikuwa mzuri kuliko picha. Tatizo lake moja: rangi ya mafuta hukauka inapotaka yenyewe.

Shangazi alifika, akagusa kwa kidole chenye glavu. Kidole kikanasa. Alirudi na kamba na karatasi iliyoandikwa RANGI MBICHI, akafunga mwenyewe, kisha akaamuru wagonjwa wote wabanane upande wa mabenchi.

Ilipokaribia saa nne, Brashi akafungua kamba, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Kamera isiione. Shangazi alisimama mapokezi kama mlinzi wa benki, akiwazuia watu wasiingie koridoni.

Simu ikaita. Mama Miwani akatokea. Kisanduku cheusi kikatokea pembeni yake, kimya kama kawaida.

Rula akageuza kamera.

Mstari wa bluu ulikimbia kwenye kioo, ukapinda kwenye kona, ukaenda zake.

"Kwenye picha ulikuwa begani," alisema Mama Miwani. "Huu uko kiunoni. Na upo ukuta mwingine."

Lakini mdomo wa Rula, ule ule uliomponza, ukajibu ukweli bila kuomba ruhusa. Alieleza kwamba picha ilikosea. Kwamba kwenye picha hapakuwa na watu, na watu walipofika waliuziba ukuta. Kwamba upande huu ndiko wagonjwa wanakoshika wanapotembea, na uchafu wa mikono yao ndio uliomwonyesha pa kupitisha rangi. Alisema mchoro wa kwanza ulikuwa wa mwalimu. Huu ni wa wagonjwa.

Mama Miwani akasogea mpaka uso ukajaa kioo. Alikuwa anaandika. Rula aliona kabisa kwamba alikuwa anaandika, na moyo wake ukaruka ukuta na uzio.

Wakati huohuo, mapokezi, Shangazi alikuwa amemzuia kila mtu isipokuwa mmoja. Bibi wa jana. Bibi alisema yeye hasimamishwi na mtoto aliyezaliwa wakati yeye ni mke wa mtu. Akapita chini ya mkono wa Matroni, gauni lake jeupe, akaweka kiganja ukutani.

Rula alimwona kwenye kioo kabla hajamwona kwa macho. Akafungua mdomo amzuie.

"Usimzuie," alisema Mama Miwani. "Mfuate."

Akamfuata. Angefanya nini? Bibi alitembea polepole, kiganja juu ya bluu, hakuuliza mtu, hakusimama. Kwenye kona mkono ukapinda naye akapinda. Brashi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa stoo na kopo la rangi, macho yamemtoka. Bibi akaenda mpaka kwenye duara, akalipapasa, akapapasa mlango, akagonga.

Mama Miwani alipiga makofi. Kweli kabisa, alipiga makofi ng'ambo.

Ndipo bibi akakitazama kiganja chake. Kilikuwa bluu kuanzia vidole mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akatazama gauni lake, ubavuni, mahali alipojifutia. Akatazama nyuma, kwenye ule mstari, ambao sasa ulikuwa na mburuzo wa vidole mwanzo mpaka mwisho.

"Nani kapaka rangi hapa na hasemi?" alisema. "Mbichi hii. Tazama gauni langu."

"Anasema nini?" aliuliza Mama Miwani, kwa kizungu chake.

Rula akavuta pumzi. Huku hakuna anayejua kizungu cha kutosha kumsuta, alijiambia, na kule hakuna anayejua Kiswahili.

"Anasema asante," alitafsiri. "Anasema rangi imempendeza."

Mama Miwani akaitikia kwa kichwa, akainamia tena karatasi yake. Rula akaanza kushusha simu polepole, ili kiganja kitoke kwenye picha.

"Shikamoo, bibi."

Sauti ilitoka kwenye simu. Ya kiume, ya utulivu, Kiswahili kimenyooka kuliko Rula mwenyewe. Ilitoka kwenye kisanduku cheusi.

"Marahaba, mwanangu," alijibu bibi, akiitafuta sauti ukutani.

"Hebu inua mkono niuone vizuri."

Bibi akainua. Kiganja cha bluu kikajaa kioo chote, kikang'aa.

"Pole kwa gauni. Rangi hiyo imepakwa lini?"

"Muulize huyu aliyeshika simu. Mimi jana nilikuwa hapahapa, na ukuta huu haukuwa na kitu. Huyu alikuwapo, na futi yake, na yule kijana mwenye kopo nyuma ya mlango."

Brashi akafunga mlango taratibu, akiwa ameshachelewa, akabakiza upenyo.

"Rula," ilisema sauti. "Mwenzangu hapa anaandika kwamba bibi ameshukuru. Nimsahihishe mimi, au utajisahihisha?"

Huku mwisho wa korido Shangazi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na kiti cha mapokezi kilikuwa wazi nyuma yake.

Rula akaigeuza kamera ikamtazama usoni, na kidevu kikarudi juu pale kilipokuwa jana.

"Bibi hakushukuru. Rangi imepakwa leo alfajiri," alisema kwa kizungu, ili na Mama Miwani asikie. "Jana haikuwapo, na picha niliyowatumia ilikuwa picha tu. Uongo huo ni wangu, siufuti. Lakini shahidi umemwuliza swali moja, na mimi nina langu." Akamgeukia yule mama mzee. "Bibi, jana ulifikaje maabara?"

Watu wa mabenchi wakanyoosha shingo.

Bibi akamsogelea, akamkazia macho yake mazito, akamtambua. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyesubiri tangu jana.

"Jana sikufika, mjukuu wangu. Nilikuuliza wewe, ukaniambia kulia. Kulia ni chooni." Akainua tena kile kiganja mbele ya simu. "Mdomo wako ulinipeleka chooni. Ukuta wako ndio umenileta maabara."

"Na sasa anasema nini?" aliuliza Mama Miwani, kalamu mkononi.

Rula alifumba mdomo. Safari hii kutafsiri hakukuwa kwake. Yeye, Shangazi, na jicho moja la Brashi kwenye upenyo wa mlango walikuwa wanakitazama kisanduku cheusi, nacho, kwa mara ya kwanza, kikawasha kamera.